Masahihisho ya Tata Wamucii

Sagana,
27 Aprili 2025

Mpendwa Tata,

Salamu nyingi kutoka huku chini kwenye joto. Mimi ni mzima na Mwai pia ni mzima. Mto umefura kwa mvua, watalii wa mashua wamekatazwa kuingia majini na mji wote umepoa. Natumaini miguu haikusumbui na hiyo baridi ya Mweiga. Ndama wa Januari anaendeleaje? Na Baraka, mama yake, bado anapiga ndoo teke ukimkamua?

Habari kubwa ni kwamba gari yetu imekamilika. Ni lile basi dogo kuukuu ambalo Mwai alinunua, nilikuandikia. Sasa ndani kuna vitanda, jiko la gesi, meza na hata choo kidogo. Watu watakuwa wanalikodi wakitaka kuzunguka mlima na kulala popote wanapopenda. Safari ya kwanza tuliifanya Pasaka. Mwai alikuwa na harusi ya rafiki yake Embu, kwa hivyo mimi ndiye niliyeendesha, nikiwa na wazazi wake, Mama Mwai, yaani Phyllis, na Mzee Hezekiah. Ni watu wa Nairobi, wastaarabu sana. Niko na furaha kwamba tumezoeana kabla ya ruracio, siku watakapoleta mahari.

Nisamehe sikupita nyumbani. Tulipita juu kwa juu, tukalala Nanyuki, tukarudi kwa njia ya Naro Moru. Ningependa sana kukuona, lakini gari haikuwa yangu peke yangu.

Najua simu haikufai tangu masikio yazibe, na meseji unasema hazina adabu ya kusalimu. Basi niandikie upesi.

Wako mtoto,
Tryphosa


Mweiga,
11 Mei 2025

Binti yangu Tryphosa,

Barua yako nimeipata. Hapa ni ukungu asubuhi na matope mchana. Viazi vimeota vizuri. Ndama ni mtundu, amekula leso yangu moja iliyokuwa kwenye ua. Baraka hapigi teke tena, amezeeka na kuwa mpole. Mimi naona nimezeeka ila upole haujafika.

Kanisani nimehamia benchi la mbele ili niuone mdomo wa mchungaji. Jumapili iliyopita, watu wakiimba, nilimsoma akimwambia mzee wa kanisa, "Hivi viatu vitaniua." Nilicheka peke yangu katikati ya wimbo na watu wakadhani nimeshukiwa na Roho. Lawama ni yako. Ni wewe uliyenikalisha jikoni ukiwa darasa la tano, mwaka masikio yangu yalipoziba, ukawa unasema maneno bila sauti mpaka niyakamate. Yanayonishinda hadi leo ni mama na baba. Midomoni ni kitu kimoja.

Nikupe habari za hapa. Lile shamba la ngano lililopakana na letu lilinunuliwa na mtu wa Nyeri mjini anayeitwa Gatimu, akapanda mizabibu. Tulimcheka sana. Sasa anatengeneza divai, na watu wanatoka mbali kuja kuionja, na wengine hulala hapo hapo ndani ya magari yao kwa sababu ni mahali patulivu. Mimi humpelekea maziwa ya wageni kila asubuhi. Jumatatu ya Pasaka nilikuta gari la buluu lenye mapazia ya manjano limelala kati ya mizabibu. Nikasema moyoni, hili si kama lile la Mwai uliloniandikia? Lakini wewe umeandika kwamba mlilala Nanyuki, basi kumbe magari ya namna hiyo yamekuwa mengi. Mama mmoja wa gari hilo alinipa mkate uliobaki. Ulikuwa na zabibu kavu ndani.

Ukiwa na jambo lingine la safari yenu, niandikie. Mimi nina nafasi ya kusoma.

Tata Wamucii

Masahihisho: Gari letu limekamilika, si gari yetu imekamilika. Nina furaha, si niko na furaha. Nimefundisha Kiswahili Mweiga hii maisha yangu yote, usiniaibishe.


Sagana,
25 Mei 2025

Mpendwa Tata,

Hujambo? Nimecheka sana kuhusu mchungaji na viatu vyake. Hapa tuko salama. Gari limekodiwa mara tatu (umeona, gari limekodiwa) na Mwai anasema tukiendelea hivi tutanunua la pili. Kweli magari ya kulala yamekuwa mengi siku hizi, hata Sagana hapa nayaona yakipita. Na rangi ya buluu wengi wanaipenda.

Sasa kuhusu ruracio. Tarehe ni 23 Agosti, siku ya Jumamosi. Nimezungumza na Mjomba Kingori, naye amekubali watu wa Mwai wapokelewe kwake Nyeri mjini. Uwanja wake ni mkubwa, magari yataingia bila kukwama, na kuna choo cha ndani. Nilifikiria Mweiga, Tata, nilifikiria kweli, lakini barabara ile ikinyeshewa unaijua. Mjomba pia ndiye atakayepokea kikombe. Yaani nitakapoitwa mbele ya watu na kuulizwa kama pombe waliyoleta inywewe, nitammiminia yeye kwanza. Mama Mwai anaona inapendeza zaidi akipokea mwanamume.

Nawe usijichoshe. Watakuwa watu wengi na spika kubwa, na kelele zitakusumbua. Ukiona ni afadhali upumzike, mimi nitaelewa kabisa. Nitakuletea picha.

Wako mtoto,
Tryphosa


Mweiga,
6 Julai 2025

Tryphosa,

Hatujambo. Mvua imekatika. Viazi tumevuna.

Kingori ni ndugu yangu na uwanja wake ni mkubwa. Fanyeni huko. Kelele hazijanisumbua tangu mwaka wa 2009.

Mimi sitakuja. Baraka atakuwa anakaribia kuzaa na sina wa kumwachia.

Wasalimie wakwe zako.

Wamucii


Sagana,
13 Julai 2025

Tata,

Sijui nianze na salamu gani. Nilingoja barua yako wiki nyingi, na ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama hapo hapo posta.

Baraka alizaa Januari. Ndama wake amekula leso yako. Kwa hivyo umenidanganya, na mimi ndiye niliyeanza. Na barua yako haikuwa na Masahihisho. Niliigeuza nyuma nikitafuta. Tangu niende shule ya bweni hujawahi kuniandikia bila kunisahihisha. Hata nilipolazwa na malaria uliniandikia kwamba mgonjwa huugua, haumwi ovyo ovyo. Nilipoona karatasi imeisha bila kosa langu hata moja, nilijua umeniacha, nikalia mbele ya watu wa posta.

Gari la buluu lilikuwa letu. Hatukulala Nanyuki. Ni Mama Mwai aliyeona picha za shamba la Gatimu kwenye simu akataka tulale huko, na mimi sikujua ni wapi mpaka tulipokata kona ya shule yako. Nilidhani Mungu ananifanyia mzaha. Waliponiuliza kwetu ni wapi hasa, nilinyoosha mkono kuelekea mjini nikasema, "Huko Nyeri."

Tulifika jioni. Gatimu alitupangia viti nje, akaleta chupa, akaeleza mambo ya zabibu kwa muda mrefu. Pale nilipokaa, niliona moshi wa jikoni kwako juu ya ua wa miiba ya kayaba. Ningerusha jiwe lingeangukia paa lako. Nilikuwa najipanga kusema, Mama, twendeni hapo tu, kuna mtu nataka mumwone. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo. Ndipo Mama Mwai akaanza kumsimulia mzee habari za dadake, kwamba aliolewa katika ukoo wenye uziwi na watoto wake wawili hawasikii. Akanigeukia akasema, "Mimi napenda kuuliza mapema, mama. Kwenu hakuna kitu kama hicho?"

Nikasema hakuna.

Nilisema haraka, kabla sijafikiri. Na baada ya kusema hakuna, ningekuletaje mbele yao? Divai ile sikuisikia ladha. Asubuhi nilikuona ukiingia na mtungi, umejifunga leso ya kijani. Mimi nilikuwa ndani ya gari, mezani, nyuma ya kioo. Sikutoka kukusalimia. Nilikaa nikakuangalia ukiwapimia maziwa, na ulipoondoka nikaosha vikombe.

Ndiyo yote. Nisamehe kwa kutotoka.

Tryphosa


Mweiga,
27 Julai 2025

Tryphosa,

Nakusalimu. Huku ni baridi ya Julai unayoijua, maji ya mfereji asubuhi yanauma vidole. Ndama ameachishwa kunyonya. Mimi ni mzima.

Umeandika kwamba ndiyo yote. Siyo yote.

Kioo kilikuwa safi. Mama yule alipanda ndani akakuuliza jambo. Alikuwa amenipa mgongo, yeye sikumsoma. Wewe nilikusoma. Ulisema, "Huyo ni mama wa maziwa tu. Simjui."

Nilisimama na mtungi wangu nikajitahidi kukuokoa. Nilisema, mama na baba midomoni hufanana, labda amesema baba wa mtu fulani, labda anazungumza habari za Gatimu. Lakini maziwa hayafanani na neno lingine. Na simjui nalijua vizuri, ulinifundisha jikoni kwa siku nzima kwa sababu nililichanganya na sijui. Macho haya uliyafundisha wewe, Tryphosa. Nilitamani siku hiyo ungekuwa mwalimu mbaya.

Mama Mwai alishuka akanipa mkate, akasema asante. Nikajibu, karibuni Mweiga. Nikaenda. Mkate niliula, mimi situpi chakula. Ulikuwa mtamu, mwambie.

Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia vizuri. Dada yangu Murugi, mama yako, alipofariki, ulikuwa bado mchanga, kitovu kilikuwa hakijakauka sawasawa. Baba yako Wandera alikuwa polisi wa kituo cha hapa. Alipohamishiwa Lodwar alisema atatulia kisha aje akuchukue. Alikuwa Mluhya, Kikuyu hakukijua, kwa hivyo nilikulea kwa Kiswahili ili akirudi muelewane. Watu walinicheka, mwanamke wa Mweiga anamwimbia mtoto kwa Kiswahili mgongoni. Hakurudi, nasi tukabaki na lugha yake. Nilikulisha maziwa ya bibi yake Baraka kwa kijiko, usiku na mchana, na ulikuwa unayatema yote kifuani kwangu. Sikuwa na mume na sikuwa na mtoto, na sikuona kama nimepungukiwa.

Ndiyo maana neno lako nililibeba njia nzima hadi nyumbani. Mama wa maziwa. Nikaona ni kweli, ndivyo nilivyo. Ile "tu" ndiyo iliyonikata.

Unataka kujua kama nina hasira. Nilikuwa nayo mwezi wa tano. Sasa nina aibu, tena sielewi kwa nini ni mimi niliye nayo. Nikiwapelekea wageni maziwa siku hizi namwachia mlinzi langoni. Sipendi kuangalia vioo vya magari.

Kuhusu damu, sijui. Madaktari hawakunipa jibu. Ninachojua ni kwamba mama yangu alikufa hasikii, na nilidhani ni uzee. Huyo mama aliuliza swali la haki, ni wajukuu wake. Usimwingize mtu katika nyumba kwa uongo. Mwambie ukweli hata kama ataondoka na mbuzi wake wa mahari.

Ruracio iacheni kwa Kingori. Usihamishe watu kwa ajili ya kunifurahisha, na usije kupiga magoti mbele ya spika. Sijui kama nitakuja. Ndivyo ilivyo, sijui.

Wamucii


Sagana,
3 Agosti 2025

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Nakuamkia hivyo kwa sababu sijui neno lililo chini zaidi ya hilo.

Uliyoyasoma kwenye kioo ndiyo niliyoyasema, neno kwa neno. Nilikuwa nimejiambia kwamba hukuona. Kila siku tangu Pasaka nimekuwa nikijiambia, alikuwa anaangalia mtungi, jua lilikuwa kwenye kioo. Mama Mwai alikuwa ameniuliza, "Mbona yule mama anakuangalia hivyo?" Nami nikakuuza kwa sentensi mbili.

Lipo jingine ambalo hata wewe hukulisoma. Sikio yangu ya kushoto imeanza kuvuma. Ilianza mwaka jana. Nikiwa na simu naiweka kulia. Mwai akiniita akiwa upande ule namjibu kwa kubahatisha. Kwa hivyo Mama Mwai aliponiuliza, nilijificha kwanza mwenyewe, ndipo nikakuficha wewe. Sisemi hivi ili unihurumie. Nimechoka tu kuwa mwongo.

Ijumaa nilipanda kwenda Nairobi na Mwai. Yeye nilimwambia njiani, akaegesha gari kando ya barabara akazima injini. Halafu akasema, "Mimi nilijua hunisikii, nilidhani ni madharau." Kwao tulikuta chai imeandaliwa. Nilisema kabla ya kuketi, la sivyo nisingesema. Nilimwambia Mama Mwai, "Unakumbuka Mweiga, yule mama wa maziwa? Ndiye aliyenilea. Hasikii tangu nikiwa mtoto, na mimi pia nimeanza. Nilikudanganya, mama."

Mzee Hezekiah aliweka kikombe chini. Mama Mwai alikisukuma chake mbali. Nilijua ninafukuzwa. Alipofungua mdomo hakuuliza habari za damu wala za watoto. Aliuliza, "Ni yule niliyempa mkate uliobaki?"

Nikasema ndiye.

Akafunika uso kwa mikono. Akasema, "Ati nimempa mama mkwe wa mwanangu makombo. Na wewe ulikuwa umekaa hapo unaniangalia tu." Hajanisamehe, nadhani. Tulipoaga alinipa mkono tu, hakunikumbatia. Lakini Jumamosi alimwambia Mwai kwamba watakuja tarehe 23 kama ilivyopangwa, na kwamba yeye hawezi kuingia Nyeri mjini kumtafuta mzazi ambaye anaishi Mweiga. Gatimu amekubali magari yaegeshwe kwake. Mjomba Kingori amesema yeye atasimama kama mjomba.

Sitapiga magoti mbele ya spika. Hakutakuwa na spika. Lakini nitakapoitwa na kuulizwa kama pombe inywewe, sina wa kumpa kikombe kama hutakuwa umeketi pale. Ukifunga mlango wako siku hiyo, nitawaambia warudi na pombe yao, nami nitakuwa nimestahili.

Nilikuita mama wa maziwa tu. Naomba nafasi ya kusema tena.

Mtoto wako,
Tryphosa


Mweiga,
12 Agosti 2025

Binti yangu Tryphosa,

Salamu kwako na kwa Mwai. Huku jua limetoka siku mbili mfululizo na kila mtu amefua. Baraka ni mzima na hazai.

Barua yako niliiweka chini ya sahani siku kadhaa kabla ya kuijibu. Nilitaka kuona kama moyo utalainika wenyewe au itabidi niulazimishe. Umelainika kidogo. Pengine bado utauma mara kwa mara, na ukiuma nitakwambia, usishangae.

Mwambie Mama Mwai asijitese na mkate. Yeye alimpa mgeni chakula, na hilo si kosa. Akija nitampikia, na makombo atabeba yeye.

Habari ya sikio imenisikitisha kuliko kioo. Ungeniambia mwaka jana ningejua la kufanya, mimi ni mzoefu. Nenda hospitali wakupime, usingoje. Kisha njoo nyumbani Jumatano kabla ya siku yenyewe, upande matatu uje peke yako bila gari lenye kitanda, ulale kwenye kitanda chako. Tutakaa jikoni. Safari hii mimi ndiye nitakayesema bila sauti, na wewe utakamata. Tutaanza na yale magumu.

Siku ya ruracio nitaketi mbele, karibu, niuone mdomo wako. Utakapoulizwa, usiinamishe kichwa kama wanavyofanya wasichana wengine. Inua uso, ujibu ukiniangalia mimi.

Tata Wamucii

Masahihisho: Sikio langu la kushoto limeanza kuvuma, si sikio yangu imeanza. Kushoto umeandika vizuri. Na mahali pawili umeandika "mama wa maziwa". Neno la kwanza linatosha.